Mashelisheli Aliyoyafukua Mbweha

Nyinyi wanangu mkija kwangu Harrow siku za Jumapili mnakula mpaka mnalegeza mikanda, kisha mnaniuliza kwa Kiingereza, maana Kiswahili mnakisikia lakini kukijibu ni shughuli, "Shangazi, what's the secret?" Nami siku zote nacheka tu, nasema ni mkono. Leo nitasema. Wawili kati yenu mmeingia kazi za jikoni, mmoja hotelini na mmoja jiko la shule, na tayari mmeanza kunifundisha mimi habari za vipimajoto. Basi kaeni niwasimulie mambo ya mtu aliyepika London umri wake wote wa kazi. Nitajisifu. Aliyechoka kusikia mtu anajisifu aende akaoshe vyombo.

Nilitoka Unguja miaka michache baada ya Mapinduzi, nimemfuata mume wangu, Mungu amrehemu. Habari za safari mnazijua, nimewachosha nazo. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa jiko la hospitali. Jina la Mwanakheri halikuwaingia midomoni wenzangu, wakanigeuza Kerry, nikaitika, kwa sababu nilikuwa na baridi na sikuwa na nguvu za kugombana.

Mkuu wa jiko alikuwa Bi Merlene, mwanamke wa visiwa vya Karibi, mfupi, mpana, miwani yake imefungwa kwa uzi mweusi nyuma ya kichwa isije ikaangukia sufuriani. Wiki yangu ya kwanza aliniachia nyama ya kusaga. Niliitazama ile nyama, imepauka, haina rangi wala harufu, nikaionea huruma. Kabatini nikakuta mkebe mkubwa usio na maandishi, ndani yake unga wa manjano, laini, mzuri. Nikasema alhamdulillahi, kumbe hata huku wanayo bizari. Nikatia vijiko vya kutosha.

Ulikuwa unga wa kastadi. Kastadi mimi nilikuwa naijua ikishapikwa, unga wake sijapata kuuona. Nyama ikaanza kuvimba na kuwa nzito, na jiko zima likanukia vanila. Bi Merlene akaja, akanusa, akavua miwani, akaivaa tena. Nilijua nafukuzwa. Badala yake akavuta stuli, akaiweka mbele ya dirisha la kugawia chakula, akanijazia sahani ya ile nyama tamu, akaniambia, "Kerry, kaa. Kula."

"Nimeshaonja, mama," nikamwambia. "Ni mbaya."

"Sikukwambia uonje. Kuonja ni kwa ajili ya chumvi. Kula ni kwa ajili ya watu. Kaa hapo, wakuone."

Nikaila yote. Wahudumu wa wodi walisimama na matoroli yao wananitazama, mmoja anafuta machozi kwa kucheka. Nilipomaliza akaniambia kwamba jikoni kwake ndiyo desturi. Kabla dirisha halijafunguliwa, mpishi anakaa palepale, mbele za watu, na sahani nzima ya kile alichopika. Kikimshinda yeye, hakitoki. Tangu siku hiyo mkebe wowote usio na maandishi kwangu ni wa takataka, nanyi fanyeni hivyo hivyo.

Bi Merlene ndiye aliyenipeleka sokoni Shepherd's Bush. Nilikuwa nimekaa London zaidi ya mwaka nakula viazi vya kuchemsha, nikiamini dunia ya chakula nimeiacha nyuma. Tukakata kona, nikaona mashelisheli. Yamepangwa juu ya meza, ya kijani, makubwa, na utomvu wake mweupe umegandia maganda vilevile kama kwetu. Nililikumbatia moja. Muuzaji akamuuliza Bi Merlene kama mimi ni mzima. Na mbele kidogo nazi, na majimbi, na pilipili zile kali zenye harufu. Nililia pale, na sioni haya kusema.

Hebu niseme la ufundi kidogo. Shelisheli kabla hujalikata, pakaa mafuta kisu na mikono, kama ufanyavyo kwa fenesi, la sivyo utomvu utakutesa mpaka Ijumaa. Toa moyo wake wa katikati. Chemsha kwa tui jepesi na chumvi, na tui zito litie mwisho kabisa, moto mdogo, huku unakoroga taratibu na hukomi, maana tui likikatika hakuna wa kuliunga. Na nazi mkune wenyewe. Zile za mkebe nazijua, nimezitumia, sizisifu. Mbuzi yangu mimi, kile kibao cha kukunia, nilitumiwa na mama kutoka nyumbani. Forodhani uwanja wa ndege waliigeuzageuza wakiyatazama meno yake, wakaniuliza ni silaha ya namna gani.

Baada ya hospitali nikaja kupika hosteli, hapahapa Harrow, si mbali na stesheni ya treni ya Metropolitan. Nyumba ilikuwa ya jumuiya moja ya kanisa iliyopokea wageni kutoka kila pembe ya dunia, watu wanaokuja kwa mikutano, matibabu, masomo. Meneja alikuwa Bwana Jayanti, Mhindi mzaliwa wa Tanga, hali nyama, hanywi pombe, na bustani ya nyuma aliipenda kuliko wapangaji. Tulikuwa tukisemezana Kiswahili siku nzima, yeye cha Tanga na mimi cha Unguja, kila mmoja anamwona mwenzake anakosea.

Mwaka mmoja, mwishoni mwa kiangazi, wakaja wageni wawili kutoka kisiwa kimoja cha Bahari ya Pasifiki. Bibi mtu mzima, jina lake Litora, na mjukuu wake Ana, msichana wa miaka kama yenu, aliyesoma Kiingereza na akawa ndiye ulimi wa bibi yake. Bwana Jayanti akanieleza. Dola moja kubwa, na sisemi ya hapa, ingawa ya hapa nayo ilifanya yake katika visiwa vingine, ilikuwa imejaribia mabomu ya nyuklia karibu na kwao, Bi Litora akiwa bado kijana. Sasa kulikuwa na mkutano mkubwa katikati ya mji, na yeye atasimama mbele ya wataalamu na wanasiasa aseme yaliyowapata. Mkutano ulikuwa Jumamosi. Wao walifika Jumapili.

Bi Litora alikuwa mrefu, mkimya, gauni lake refu la maua limefungwa mpaka kooni. Kitambaa chake cha shingoni kilipotelemka nikaona kovu jembamba limezunguka shingo. Niliona jambo jingine pia. Mkoba wake ulikuwa wa ukindu uliosukwa, na nilipouangalia vizuri nikajua si ukindu, ni majani ya mkadi. Mkadi! Mti ambao sisi Unguja tunachuma ua lake kutia kwenye kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia wanachovaa wanawake. Nikamuuliza Ana kwao kuna miti gani. Akanitajia, minazi, mikadi, mishelisheli. Wanangu, nilikaribia kuruka. Nilimwambia Bwana Jayanti, "Wageni hawa wananihusu mimi. Watakula kama wako nyumbani."

"Uwaulize kwanza wanapenda nini," akasema.

"Mgeni haulizwi," nikamjibu. "Kumuuliza mgeni ni kama kumwambia chakula kichache."

Nikapanda treni mpaka Shepherd's Bush nikarudi na mashelisheli mawili, nazi, na samaki. Nikapika kwa mikono yote miwili. Nilijaza sahani mbili, Ana akazipandisha chumbani, akasema bibi magoti yanamuuma, atakula juu. Baadaye sahani zikashuka nyeupe, zimepanguswa mpaka hazina hata alama ya tui. Mimi sahani ya namna ile ndiyo cheti changu, sina kingine. Jumatatu hivyo, Jumanne hivyo. Nikavimba kichwa. Nikampigia simu Bi Merlene, aliyekuwa amestaafu, kumwambia kuna bibi wa Pasifiki anamaliza mashelisheli kuliko yeye.

Jambo moja tu lilinitatiza. Bi Litora alikuwa anakonda. Jumatatu alishuka ngazi kwa kushika ukuta, Jumanne alisimama katikati ya ngazi kupumua. Jumatano asubuhi Ana alimshika kiunoni. Mtu anayekula vile kwa nini aishiwe nguvu? Na Jumamosi atasimama vipi mbele za watu? Nikaongeza samaki.

Jumatano hiyohiyo Bwana Jayanti akaingia jikoni na matope mpaka magotini, amekasirika.

"Bibi, njoo uone! Fox yule mshenzi kanichimbulia mawaridi yote! Nitapiga simu council leo leo!"

Mbweha wa Harrow mnawajua, wanatembea barabarani kama wanalipa kodi ya nyumba. Nikatoka naye kuwacheka wote wawili. Chini ya mawaridi kulikuwa na mashimo, na kando yake magazeti yameraruliwa, na ndani ya magazeti chakula changu. Shelisheli la nazi, vipande vizima. Samaki na kichwa chake. Vya Jumapili, vya Jumatatu, vya Jumanne, kila kimoja kilifungwa vizuri kikafukiwa, na mbweha kavitoa nje na yeye mwenyewe hakuvimaliza.

"Huyu fox mla shelisheli ametoka Zanzibar nini," akasema Bwana Jayanti.

Sikucheka. Damu ilinipanda. Nilichukua lile furushi la gazeti na matope yake nikapanda nalo juu. Miaka yote London sijapata kuzikiwa chakula changu kama maiti. Ana nilimkuta kwenye kibaraza cha ngazi, anatoka chumbani. Alipoona nilichoshika, uso wake ulibadilika, akafunga mlango nyuma yake taratibu na kukaa kwenye ngazi.

"Mama, tafadhali usimwambie kwamba umeona," akasema. "Ataaibika. Kwetu hurudishi chakula cha mtu aliyekupikia. Sahani alizipangusa kwa mkate ili ufurahi."

"Kwa nini hakutupa kwenye pipa kama watu wengine?"

"Pipa linafunguliwa," akasema Ana. "Kwetu watoto na nguruwe wanafungua. Watu wa vipimo vya sumu ya bomu walitufundisha, kaa wa minazi ukimkamata, au chakula chochote kilichokatazwa, kifukie chini sana, asije akakila mtu. Bibi amefukia chakula maisha yake yote. Hapa usiku nyote mkilala, namshika tunashuka bustanini."

Nikaketi naye pale ngazini, gazeti mapajani. Akanieleza, na ninakwambieni kwa ufupi kama alivyoniambia, kwa sababu hakupamba. Siku ile ya bomu bibi yake alikuwa ufukweni na wadogo zake. Baada ya mlipuko ukaanguka unga mweupe, watoto wakaupaka nywele, wakacheza nao. Kisha ngozi zikaungua, wakatapika, na baada ya siku chache meli ikawachukua. Miaka ikapita wakaambiwa rudini, ni salama. Wakarudi, wakala vya nchi yao. Bi Litora akazaa watoto ambao hawakulia, akawazika. Shingo ikaota uvimbe, ikakatwa, na mpaka leo kila asubuhi anameza kidonge. Baadaye wakaja wengine, wakasema shelisheli msile, nazi msile, kaa msile. Wakaja wengine, wakasema kuleni kidogo. Mwisho watu wakahama wenyewe. Wanaishi kwenye kisiwa cha kuazima, wanakula mchele na vya mikebe vinavyoletwa kwa meli.

"Na ardhi kwetu ni ya wanawake," akasema Ana. "Inatoka kwa mama kwenda kwa binti. Yeye ndiye mwenye ile ardhi, na baada yake mimi. Mishelisheli imejaa. Inaanguka yenyewe."

"Wewe umewahi kulila?"

Akatikisa kichwa. "Hata mara moja. Siku hizi tatu harufu inapanda ngazi, nashindwa kusoma. Lakini bibi anaishi kwa biskuti na chai, na mimi amenikataza kabisa. Hafukii kwa ajili yake. Anafukia ili mimi nisile."

Wanangu, hasira ilinitoka yote, ikabaki aibu, na chini ya aibu huzuni. Mimi nilipokimbia kwetu niliacha nyumba, lakini leo nikishuka uwanja wa ndege nitakula chochote kitakachoanguka mtini. Bi Litora nyumba yake ipo, miti yake ipo, na hali matunda yake. Nilidhani najua kupoteza kwetu ni nini, kumbe nilijua nusu.

Nikamwambia, "Basi mwambie haya yametoka Karibi. Mwambie ni salama."

Ana akacheka, kicheko kisicho na raha. "Mama, hilo neno amelisikia kuliko jina lake. Walioleta neno hilo walikuja na meli, wakapima mchanga wetu, wakapima mikojo yetu. Kisha wakarudi melini kula. Maji walikuja nayo."

Hapo nikamsikia Bi Merlene kama yuko nyuma yangu na stuli yake. Siku zote zile tatu mimi nilikuwa nimekula kile chakula kabla hakijapanda. Lakini nilikula jikoni, mlango umefungwa. Hakuna aliyeniona. Desturi niliishika nusu tu, na nusu niliyoiacha ndiyo iliyokuwa na kazi.

Basi sikubadilisha upishi. Nilibadilisha mahali pa kukaa. Nikampigia Bi Merlene, nikamwambia aje kesho na shelisheli alilolichagua mwenyewe. Akalalamika magoti, akalalamika treni, akaja.

Alhamisi nilitandika mkeka katikati ya jiko, nikamwomba Ana amshushe bibi yake aniangalie tu ninavyopika, asile kitu. Bi Litora akaingia amejikaza, anatazama chini kama mtu aliyeitwa shaurini. Kisha akaiona mbuzi yangu. Akasimama. Akaionyesha kwa kidole, akasema neno kwa lugha yake, akaanza kucheka huku amefunika mdomo.

"Kwetu ipo," akasema Ana. "Ipo hivihivi. Alikuwa nayo ya mama yake."

Nilivunja nazi, maji yake nikanywa nusu hapohapo. Bi Litora akainua gauni kidogo, akaketi juu ya kibao upande, kama anavyokaa mwanamke yeyote wa Unguja, akachukua kifuu akaanza kukuna. Wee! Mkono ule haukusahau. Alikuna mpaka karibu na kifuu na asiguse ule weusi, nazi nyeupe inaanguka laini. Nami, ambaye sijapata kumsifu mtu kwa kukuna nazi, nilimsifu. Bi Merlene akaingia akihema, akatua mfuko mezani. Akalitoa shelisheli, akasema kwa Ana, "Mwambie hili limetoka kwenye nchi yangu. Mama yangu kalila, mimi nimelila kabla sijaota meno. Na nitalila leo, maana nauli nimelipa."

Tukapika pamoja. Bi Litora alinionyesha kwao wanavyolichoma zima juu ya moto mpaka ganda linakuwa mkaa, kisha wanalikwangua. Tukachoma moja kwenye gesi, Bwana Jayanti akaja mbio akidhani nyumba inaungua, tukamfukuza. Nikamimina katika sinia moja kubwa, nikaliweka juu ya mkeka. Nikaketi. Nikatia tonge mdomoni, nikameza, nikatia jingine. Bi Merlene akateremka chini kwa shida na manung'uniko, akala. Hatukusema kula. Hatukusema karibu, ingawa kutosema karibu kwetu ni utovu wa adabu. Tuliendelea kula tu na kuzungumza habari za bei ya samaki.

Bi Litora alitutazama muda mrefu. Alitazama mikono yetu, akatazama midomo. Kisha akanyoosha mkono kwenye sinia, upande wangu, mahali nilipokuwa nimekwisha mega, akachukua kipande. Alipokitia mdomoni alifumba macho. Alikula kama mtu aliyerudi kutoka safari ndefu. Lakini Ana aliponyoosha mkono wake, bibi alimshika kiganja, akakirudisha mapajani pake na kukiweka hapo. Tukaendelea kumega. Hilo lilikuwa lao wenyewe.

Alikula Alhamisi, akala Ijumaa mara mbili. Jumamosi alishuka ngazi bila kushika ukuta, na mimi nikaenda nao mkutanoni, nimevaa koti langu la Idi.

Ukumbi ulijaa. Wakasema wengi. Mtaalamu mmoja, mwanamume mpole mwenye mvi na tai ya kijani, alieleza kwa utaratibu na kwa heshima kwamba vipimo vya sasa vinaonyesha chakula cha kisiwa kile, kikichanganywa na cha meli, kiko katika kiwango kinachokubalika. Kisha ikawa zamu ya Bi Litora. Walimletea kiti, akakikataa. Alisimama wima mpaka mwisho, akasema yake, Ana akiyageuza kwa Kiingereza bila kutetemeka. Alipomaliza akamgeukia yule bwana.

"Wewe umekula?" akamuuliza.

Yule bwana alivua miwani. "Chakula cha kisiwani? Hapana. Hapana, sijala."

"Watoto wako ungewapa?"

Akaipangusa miwani kwa ncha ya tai. Yule bwana angeweza kusema maneno mengi, alikuwa nayo. Akasema, "Sijui."

Bi Litora akainamisha kichwa kwake. "Asante. Wewe ni wa kwanza kuniambia hujui. Siku utakapojua, njoo tukae chini, tule sote. Ardhi ni yangu, nakukaribisha."

Sikumbuki makofi. Nakumbuka nilijiona mrefu. Yule mwanamke aliyesimama pale tangu Alhamisi nilimtia nguvu mimi kwa shelisheli, na mbele ya Mungu najivunia hilo kuliko cheti chochote cha ukutani kwenu. Mkutano haukumrudishia kisiwa, hilo msije mkadanganyika. Bi Litora alifariki akiwa bado kwenye kile kisiwa cha kuazima, na Ana, ambaye hunipigia simu mpaka leo, ndiye mwenye ardhi sasa, na bado haishi juu yake. Watu wa tai ya kijani bado wanapima.

Lakini jioni ile ya Jumamosi tulirudi na Metropolitan, tumekaa watatu kwenye kiti kimoja, viatu vimetuchosha. Kulikuwa na shelisheli moja limebaki. Nikalichoma juu ya moto kama nilivyofundishwa, nikalikwangua, nikaliweka kwenye sinia, na tui pembeni. Nikaketi kwenye mkeka, nikala kwanza, sasa bila ya kufikiri. Bi Litora akala. Kisha akamega kipande kutoka katikati, palipo laini, akakipuliza kipoe. Akakaa nacho mkononi. Alinitazama mimi usoni, akasema jambo kwa Ana, na Ana akachelewa kulitafsiri.

"Anasema, huyu alikula."

Akampelekea mjukuu wake tonge mdomoni kwa mkono wake mwenyewe, kama unavyomlisha mtoto anayeanza. Ana alilipokea. Alitafuna polepole, macho yamemtoka, tukimtazama sisi sote wawili kama tunangojea matokeo ya mtihani.

"Bibi," akasema mwishowe, "ni hivi tu?"

Bi Litora alicheka mpaka kitambaa kikamtoka shingoni, na hakukiokota. Ni hivi tu, akamwambia, kula. Ana akachukua kipande kingine mwenyewe, akakichovya katika tui, na kingine, mpaka sinia likaisha. Nikalibeba kwenda sinki, jeupe kabisa, na safari hii sikwenda bustanini kuangalia.